Viraka Vitatu vya Kobe

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu, wewe na wifi yangu. Natumaini kikohozi cha mtoto kimepungua. Huku tu wazima, ila baba amekasirika, na mimi nimemzidi.

Unajua tangu macho yake yafifie, baba husomewa gazeti na ile programu huria ya kompyuta unayoisimamia, ile ambayo yeyote anaweza kuchangia kuiandika. Juzi, baada ya toleo lenu jipya, sauti ilifika kwenye tarakimu ya kwanza ikakata. Tukaiwasha tena, ikakata palepale. Baba akauliza kama siku hizi magazeti huandikwa nusunusu. Sasa anakaa mbele ya kompyuta akipapasa vitufe, na hataki nimsomee mimi, eti yeye si mtoto.

Ndipo nikasoma ulivyowaandikia wachangiaji wote: kosa ni la mgeni anayejiita Kobe, arudi gambani akajifunze kwanza. Wenzako walicheka mpaka basi.

Niache nieleze, maana ualimu haustaafu. Kobe alileta viraka vitatu, yaani vipande vya kurekebisha programu, vinavyofuatana, kama kanuni zenu zinavyotaka: kila kimoja kidogo, msomaji akifuate bila kuhema. Cha kwanza kilitenga kazi ya kusoma tarakimu. Cha pili kiliongeza majaribio ya kunasa makosa. Cha tatu, kilichoegemea cha kwanza, kilirekebisha matamshi. Juu kabisa aliandika kwamba vipokewe kwa mpangilio huo. Wewe ukasema viwili vya mwanzo ni porojo, ukachomoa cha tatu, ukakishindilia kwa mkono, ukatoa toleo. Majaribio uliyoyatupa ndiyo yangekupigia kelele! Unaezeka paa pasipo kuta, kisha unamtukana fundi?

Kobe ni mimi, dada yako. Nilijificha kwa kuwa sikutaka kazi yangu ipite kwa undugu. Sikujua kwamba kwako mgeni hata hasomwi.

Nimevituma tena vyote vitatu. Anza na cha kwanza. Ukiona kasoro, nirudishie, nitarekebisha bila kununa. Lakini ulichokisema hadharani, kifute hadharani, na usitaje kwamba mimi ni dada yako. Muombe radhi Kobe.

Baba anakusalimu. Sijamwambia ni nani aliyelinyamazisha gazeti lake. Kila asubuhi ananiambia nisihangaike, mwanawe mtaalamu atalitengeneza.

Nakupenda, na bado nimekasirika,

Dada yako