Mteremko wa Adwoa Birago

Kumasi, Jumapili

Dada Nyarkoa mpendwa,

Salamu zikufikie huko Takoradi. Goti limepoa? Wapwa zangu wanaendeleaje na masomo? Sisi tunapumua, ila usingizi umenihama. Barua hii nimempa dereva wa basi, maana kwenye simu mdomo ungekataa.

Unalijua jengo langu la sokoni, mimi niliyeanza kwa kubeba zege kichwani. Mkaguzi wa majengo alikuja akasema sheria inataka njia ya kiti cha magurudumu, na kila sentimita moja ya kupanda itandazwe kwa kumi na mbili. Mlango wangu uko sentimita tisini juu. Piga hesabu: mita kumi na sentimita themanini! Vyumba viwili vya duka viende na maji kwa ajili ya mpangaji mmoja? Nikamwaga zege la mita nne na nusu tu. Mkaguzi akaukataa mteremko wangu, akanipa siku thelathini niuvunje.

Mpangaji mwenyewe ni marehemu Adwoa Birago, mshonaji, asiyetembea tangu utotoni. Alikuwa na ulimi huyo! Aliniuliza mbele ya wateja, eti bosi, hapa umewajengea watu au mbuzi? Siku ya kumi na tisa kati ya hizo, asubuhi, kiti kilirudi nyuma naye kwenye mteremko, kisogo kikagonga ukingo wa mtaro, akafa. Niliwaambia wote kwamba nilikuwa nimefuata matofali.

Jana ukoo wake ulitaka jeneza libebwe kwa desturi ya kale, marehemu awaongoze wabebaji hadi kwa aliyemuua. Wanaume wanne wenye shingo za mafahali walipita soko zima bila kusita, wakaja kwangu. Walipoanza kupanda mteremko, miguu ikateleza nyuma, na zege kavu kama mfupa. Mara tatu. Nilipima zile alama: mita mbili na sentimita kumi kutoka chini, mara zote tatu.

Mjomba wake, Mzee Agyei, akaniambia nishike pembe ya mbele. Kama nina mkono katika kifo hicho, marehemu ataniangusha. Wanawake wakacheka, wakasema mabega ya kuhesabia kodi hayo, yatabeba nini! Nikaingia chini ya jeneza. Tukapanda mpaka mlangoni bila kuhema. Watu wakapiga makofi, muuza vitenge akapaza sauti kwamba hata maiti anamjua mwenye nyumba. Wazee wakatangaza mimi ni safi. Mazishi ni Alhamisi.

Dada, sikufuata matofali. Nilikuwa mlangoni. Kiti chake kilikwama palepale, mita mbili na sentimita kumi, akaniita kaka Kwabena, nisukume kidogo tu. Nikamjibu apande mwenyewe, ili nimwambie mkaguzi kwamba panapandika. Nikakunja mikono nikatazama viganja vyake vikichoka.

Na jana jeneza halikuwa jepesi. Viganja viwili vilikuwa mgongoni mwangu vikinisukuma, polepole, kwa upole kabisa. Mbebaji wa nyuma alikuwa mbali, mikono yake juu.

Havijaondoka. Naandika nimeegemea ukuta, na bado navihisi, kati yangu na ukuta.

Alhamisi, kabla ya kaburi kufunikwa, nitasema mbele ya ukoo wake. Wajomba zetu, ambao ndio wangesimama nami, wamekwisha kufa. Njoo wewe usimame nami, hata kama ni kwa aibu. Wabusu wapwa zangu.

Mdogo wako,
Kwabena Ofosuhene