Baba Ananipitisha Mlango wa Mbele

Bi Jannigje mpendwa,

Sijawahi kuandikia gazeti kuomba ushauri, maana kwa kawaida mimi ndiye ninayeandikiwa, na nakusihi jina langu lisitokee kwa sababu watu wengi wa huku kwetu Veluwe wananifahamu kwa sura na kwa sauti, mimi ndiye mwenye tovuti ya Taa Mezani, ile ya tafakari za kila asubuhi wakati wa kahawa, pamoja na masomo ya ndoa, masomo ya vijana, sala za kusikiliza ukiwa unaendesha gari, na Kona ya Maombi ambapo mtu anaandika mzigo wake nasi tunamjibu, na nikisema "nasi" ni kwa unyenyekevu tu, niko peke yangu kwenye chumba cha juu.

Tatizo langu ni baba. Baba yangu, mzee Geurt, amepita themanini, ni mgane tangu mama alipofariki, anaishi peke yake katika nyumba tulimozaliwa, nje kidogo ya kijiji, na zamani nilikuwa nakwenda kwake kila Jumapili baada ya ibada ya asubuhi, tunakunywa kahawa na biskuti moja, hatuzungumzi sana, yeye anauliza mchungaji kahubiri nini, mimi namweleza, yeye anasema "hm", basi. Lakini tangu huduma ikue nimekuwa mtu wa kuchoka, wiki nzima naandika juu ya upendo, ikifika Jumapili mwili umekwisha, na kwa baba ni mbali kwa miguu, na baiskeli kama unavyojua kanisani kwetu haipandwi siku hiyo ya mapumziko, kwa hiyo nikapata wazo ambalo hadi leo naliona zuri, nikamnunulia kishikwambi, nikafunga kila kitu ndani yake isipokuwa Taa Mezani ili ulimwengu usimwingilie mzee jikoni kwake, nikamwambia, "Baba, sasa utaniona kila siku, si Jumapili tu." Akanitazama, akauliza, "Na wewe utaniona?" Nikamwambia hiyo sehemu bado naishughulikia.

Lazima nieleze pia kwamba Taa Mezani hufungwa Jumapili. Duka linafungwa, karakana inafungwa, sioni kwa nini tovuti ya Kikristo iwe wazi kama kilabu cha pombe, kwa hiyo anayeifungua siku hiyo anakuta picha ya lango na maneno ya amani, na anayeandika kwenye Kona ya Maombi anapata papo hapo jibu nililolitunga mwenyewe kwa maombi mengi: "Asante kwa kutushirikisha mzigo wako. Leo tumepumzika kama tulivyoagizwa. Mzigo wako utafunguliwa Jumatatu." Watu kadhaa wamenieleza kwamba jibu hilo limewabariki.

Basi Jumapili moja mwezi wa tano baba akateleza jikoni, akaanguka, nyonga ikavunjika, na simu yake ya mezani iko ukumbini, hakuweza kuifikia, akavuta kitambaa cha meza mpaka kishikwambi kikamdondokea, akaandika kwa kidole kimoja mahali pekee palipokubali kuandikwa, yaani kwenye Kona ya Maombi, "Nimeanguka. Siwezi kuinuka. Baba," akajibiwa kama nilivyokueleza. Akaandika tena, akajibiwa tena. Mimi wakati huo nilikuwa nimejilaza kwenye kochi baada ya supu, simu yangu iko kwenye droo kama kila Jumapili, na dhamiri yangu ilikuwa safi kabisa.

Aliyemsikia ni Sjors. Huyu ni jirani yake, amehamia kutoka Rotterdam, amejichora wino kuanzia mikono hadi shingoni, hasali popote, na Jumapili, naona haya hata kuandika, anakata nyasi. Kwa mashine, Bi Jannigje. Wazee wa kanisa walishamwendea kumwonya akawakaribisha bia. Siku hiyo mashine yake ilimwishia mafuta karibu na ua wa baba, pakawa kimya, ndipo akasikia mzee anagonga sakafu kwa kishikwambi, akapita mlango wa nyuma, akamkuta pale chini, akaita gari la wagonjwa, akaenda naye hospitali hivyo hivyo na kaptula yake yenye majani. Baadaye akaja kugonga kwetu.

"We ndo mtoto wa mzee Geurt?" akauliza. "Simu yako imekufa?"

Nikamwambia hapana, ila ni Jumapili.

"Aa," akasema. "Basi kosa ni la mzee. Angesubiri aanguke Jumanne."

Jumatatu niliandika tafakari yenye kichwa "Malaika Mlangoni", jinsi msaada unavyotumwa kwa saa yake, sikutaja nyasi ili nisiwakwaze walio wachanga katika imani, wala sikutaja Kona ya Maombi kwa kuwa haikuwa kiini cha ujumbe, na sijawahi kuandika kitu kikasomwa namna ile, watu walilia, mama mmoja wa jimbo la Zelanda alisema ameichapisha na kuibandika kwenye friji. Halafu chini yake kabisa, kwa jina lake kamili, Sjors akaweka maoni: "Malaika ni mimi, nilikuwa nakata nyasi. Mzee alimwandikia mwanawe kwanza, mara mbili, akaambiwa mpaka Jumatatu. Salamu kwenu wote." Tangu hapo watu wananiuliza maswali, na swali langu la kwanza kwako ni hili, je, ni dhambi kufuta maoni ya mtu asiyeamini?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Baba amerudi nyumbani, anatembelea kigari cha kusukuma, Sjors anampelekea supu na amepewa ufunguo. Mimi nilikwenda Jumamosi moja, nimejiandaa na maneno ya kusema, nikazunguka nyuma kama siku zote, maana wewe ni wa kwetu na unajua, mlango wa nyuma ni wa watu wa nyumbani, wa mbele ni wa mchungaji, bibi harusi na jeneza. Nikakuta komeo limewekwa. Nikachungulia dirishani, baba yuko mezani na Sjors, wanacheza karata, baba yangu aliyetukataza hata kuzishika, nikagonga kioo. Akainua macho, akasema bila hasira hata chembe, "Pita mbele, upige kengele."

Nikadhani haoni vizuri. "Baba, ni mimi."

"Nakuona," akasema. "Pita mbele."

Nikazunguka. Mlango ule umevimba kwa unyevu, haujafunguliwa tangu alipotolewa mama, nikamsikia anauvuta kwa shida huku anahema, mpaka ukafunguka, akanikalisha sebule ya wageni, tukakaa kama mtu na wakala wa bima. Akanirudishia kishikwambi, kioo kimepasuka. "Hiki chako," akasema, na hakuniuliza mchungaji kahubiri nini wiki ile. Niliporudi nyumbani nikamweleza mke wangu Hanneke, nikitegemea faraja, naye akasema, "Mshukuru Mungu amekufungulia. Mimi ningekujibu Jumatatu."

Nampenda baba yangu, Bi Jannigje, naomba uliamini hilo hata kama huamini kitu kingine humu. Sijui nimpateje. Nimefikiria kuandaa mfululizo wa masomo juu ya kuwatunza wazazi wazee, pengine mtu atamwonyesha na ataguswa. Nisaidie.

Ni mimi,
Mwenye Taa, Veluwe

*

Ndugu Mwenye Taa,

Umeomba jina lako lisitokee halafu ukaitangaza tovuti yako barua nzima. Nimeiacha hivyo hivyo, nadhani hutachukia.

Nianze na jepesi. Usifute maoni ya Sjors. Katika yote yaliyopata kuandikwa kwenye ukurasa ule, hayo ndiyo mafupi kuliko yote na hayana neno la uongo. Weka chini yake: "Ni kweli." Usiongeze aya. Ukiona mkono unataka kuongeza aya, ondoka kitini.

Sasa la baba. Kwanza, pole, na siitoi kwa mzaha. Kusimama nje ya dirisha la jikoni ulikolelewa, ukaambiwa zunguka kama muuza mafagio, ni jambo la kumliza mtu mzima, na sitashangaa kama ulilia njiani. Nimewazika wazazi wangu wote wawili na bado naota wananifungia mlango. Kwa hiyo nakuamini unaposema unampenda. Shida ni kwamba umempenda kwa maandishi, na mzee wako si msomaji.

Usije ukadhani nakusema kwa sababu unaishika Jumapili. Mimi pia siku hiyo sipandi baiskeli, sinunui hata maziwa, na pipi yangu ya mnanaa naitia mdomoni mchungaji akianza mahubiri, kama mama yangu na bibi yangu. Lakini tulipewa siku ya kupumzika na jembe, ndugu yangu, hatukupewa siku ya kupumzika na baba. Habari ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato akatolewa siku hiyo hiyo unaijua vizuri kuliko mimi. Bila shaka umeifundisha, tena kwa picha. Wazee wetu walitembea mbali kuliko kwa Geurt kwenda kusikiliza mahubiri ya saa mbili, na wakarudi kwa miguu hiyo hiyo. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wewe uliinunua fimbo ya mbali dukani, ukaifunga ili isitumike na mtu mwingine, kisha siku nyoka alipotokea ukawa umelala.

Na hilo la kukifunga kishikwambi ndilo lililonikera kuliko yote. Unasema ulitaka ulimwengu usimwingilie. Ulimwengu ndio uliomwinua kutoka sakafuni, na ulikuja na kaptula.

Kuhusu karata, sina la kusema ila kwamba mzee anayecheza karata ana mtu wa kukaa naye mezani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hatuchagui shingo yake imechorwa nini. Nenda kwa Sjors ukamshukuru. Mchukulie keki ya tufaha, na aioke Hanneke kama atakubali, akikataa ununue na useme umenunua. Usimpelekee kijitabu chochote. Akikukaribisha bia nawe hunywi, omba maji, lakini kaa mpaka glasi iishe. Mwombe namba yake ya simu, umpe yako, na ile simu yako itoke kwenye droo, Jumapili na siku nyingine zote, mpaka baba yako atakapokwenda mbinguni.

Kona ya Maombi ifunge kabisa, au weka pale mtu wa kupokea simu siku zote saba. Mtu aliye sakafuni hana haja ya lango lililopigwa picha vizuri. Masomo juu ya wazazi wazee achana nayo. Kwa sasa wewe ni mwanafunzi, tena wa darasa la kwanza.

Unataka kujua utarudishiwa vipi mlango wa nyuma. Sijui kama utarudishiwa. Lakini soma tena barua yako mwenyewe: mzee mwenye nyonga iliyoungwa juzi amesimama kuvuta mlango uliovimba, anahema, ili mtu aingie. Aliyemkatia mwanawe tamaa angekaa tu na karata zake. Yeye amekwambia ukweli kwa namna ya watu wa kwetu, ambao hatujui kuutamka: umekuwa mgeni. Basi kuwa mgeni mwema. Jumapili hii baada ya ibada nenda kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe, upige kengele, usubiri kadiri atakavyochelewa. Usiende na hotuba ya msamaha. Sema, "Baba, uliniita sikuja," kisha funga mdomo, hata kimya kikirefuka. Najua kwako hiyo ni kazi ngumu kuliko kutembea. Akikuuliza mchungaji kahubiri nini, mweleze. Asipouliza, kunywa kahawa yako. Jumapili inayofuata urudi, na inayofuata.

Nami nina swali langu. Mtu aliyevunjika nyonga hawezi kuinama kufikia miguu yake kwa miezi mingi. Nani anamkata baba yako kucha za miguu? Katika barua yote hiyo hukugusia, kwa hiyo nadhani hujui, na nina hofu kwamba ni Sjors. Basi kahawa ikiisha, omba beseni, maji ya moto, taulo na mkasi. Atakataa, atasema haina haja, atasema wewe una shughuli zako. Wewe piga magoti tu umvue soksi. Ndiyo, ni kazi, na ndiyo, ni Jumapili. Mzee wa kanisa akikuuliza, mwelekeze kwangu. Osha taratibu, kausha kila kidole, kata, mvalishe soksi zake. Ukimaliza nenda nyumbani, na usimwandikie mtu yeyote.

Jannigje