Meli ya Wachina kwenye avenie yetu

Bukavu, siku ya posho (Jumamosi)

Mpaka sasa iko mbele ya macho yangu, ile meli ya vita ya Wachina. Nilimuonyesha Papa video yake kwenye simu. Nikamuambia rada yake inaona ndege ingali mbali sana, na inabeba makombora zaidi ya mia moja. Na bado kazi yake ni kulinda meli ingine, kubwa zaidi, ile ya kubeba ndege.

Sisi huku ndege tunaijua ikisha fika juu ya paa.

Papa, fundi wa mashini wa bato, zile meli za kubeba watu kwenye ziwa, hakuuliza juu ya makombora. Aliuliza urefu. Mita mia moja makumi munane, nikajibu. Akavaa viatu, akaanza kuipima kwa hatua kwenye avenie, barabara yetu, toka kwenye mulango wetu. Nilimufuata na haya, majirani wanatuangalia. Hatua ya mwisho ilimufikisha kwenye parokia.

Akageuka, akaangalia nyumba zote tulizopita.

"Wangeingia wote," akasema.

Wakati wa vita, bato yake ilijaa, ikaacha watu bandarini. Hajaniambia hata siku moja wale walioachwa walikuwa wangapi.

Kwa kurudi alihesabu nyumba, hapana hatua.