Shokapu za Njano za Festo

Baba,

Festo ameliharibu gari lako, na ameliharibu kwa furaha. Nakuambia mapema ili usisikie kwa mtu mwingine, maana wazee wa Idodi wanakufuata huko mmoja mmoja na wote wana midomo.

Lile gari dogo la bluu ulilokuwa ukilifuta vumbi hata siku ya mvua alilinyanyua nyuma kama bata. Ulikuwa hujamaliza miezi mitatu kaburini. Mwanao alikaa na simu, akatazama video za watu wanaoshindana magari kwenye nchi zisizo na mashimo, akaona shokapu za njano, akapenda rangi. Nilipompigia kumuuliza kwa nini hizo, akanijibu, "Dada, hizi zinakamata barabara." Barabara ipi? Kutoka nyumbani mpaka Iringa kuna nini cha kukamata zaidi ya mawe? Akasema mimi siyo dereva, siwezi kuelewa. Kweli mimi siyo dereva. Mimi nauza tu shokapu Mwanjelwa mwaka wa kumi na mbili huu. Nimeona wanaume wazima, wenye wake na mashamba, wakichagua kwa stika. Nilidhani upumbavu huo ni wa Mbeya na hauwezi kuvuka Makambako. Kumbe tulikuwa tunaulea ndani.

Ningemwacha na gari lake anyanyuke mpaka achoke. Tatizo ni Mama.

Hili hulijui. Mwezi wa pili baada ya kukuzika, Mama aliteleza jikoni, pingili moja ya mgongo ikapata ufa. Daktari kule Tosamaganga alisema itaunga, ila awe anarudi kila mwezi kuangaliwa, na njiani asirushwerushwe. Ndivyo alivyosema, asirushwerushwe. Festo alikuwa amekaa palepale anaitikia kwa kichwa. Wiki mbili baadaye akafunga shokapu ngumu kuliko benchi la kanisani.

Safari ya kwanza Mama alivumilia mpaka katikati ya njia. Akaomba gari lisimame, akashuka ameshika mlango, akakaa juu ya jiwe. Akasema, "Mimi hii gari sipandi tena." Festo akabembeleza, akaapa, akalaumu tairi. Mama alirudi nyumbani na pikapu ya jirani, amelala juu ya magunia ya pumba, na alipofika alisema amesafiri vizuri. Miadi miwili ikampita. Mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi, naye akaficha, mpaka shangazi alipomwona anajipiga paja kwa ngumi ili lisikie.

Hapo nikafunga duka.

Sikuchagua kama Festo. Niliweka aina tatu juu ya meza nikazibonyeza kwa mkono, moja moja, nikitazama zinavyorudi. Ya kwanza ilirudi kwa pupa, nikaitupa chini ya meza. Ya pili ilikuwa ya gesi, imara, inamfaa mtu anayejaza vitunguu mpaka kwenye paa. Ya tatu ilikuwa ya mafuta, nyeusi, haina stika, imekaa dukani muda mrefu kwa sababu hakuna mwanaume aliyewahi kuigeuzia shingo. Ukiibonyeza inazama taratibu na kurudi taratibu. Nikasema hii ndiyo ya mgongo wa Mama. Nilijisikia mwerevu sana, Baba. Kwenye basi nilikaa na boksi la shokapu nne mapajani kama mtu anayepeleka mahari. Chimala nikanunua gunia la mchele anaoupenda Mama, kilo hamsini, konda akalisukuma kwenye buti huku akinisema.

Festo alinipokea Iringa. Tukalipeleka gari kwa fundi mmoja wa mjini, mwenye ovaroli safi na mashine ya kunyanyulia gari mpaka juu ya kichwa. Hata mikono ya chini, ile inayoshika magurudumu, aliilegeza ili shokapu ziingie vizuri, kisha akaikaza tena. Nilisimama nimekunja mikono, nikatazama za njano zikitolewa, na nikahakikisha Festo anaona nilivyokuwa nazitazama. Nilimwambia azibebe mwenyewe, asije akamchosha fundi na takataka.

Tulifika Idodi meno yanatuuma. Gari lilipiga kila jiwe. Nyuma bado lilikuwa juu, limekataa kukaa. Nikamdharau fundi, kisha nikamdharau aliyezitengeneza zile shokapu, kisha Festo, kwa mazoea. Festo alikuwa anatabasamu upande wa dirishani.

Mama akatoka na fimbo yake. Hakutusalimia kwanza. Aliweka kiganja juu ya buti, akakandamiza, gari halikutikisika. Akaniuliza, "Huyo fundi wakati anakaza, ndani alikaa nani?"

Nikamwambia hakukaa mtu, Mama, gari lilikuwa juu kwenye mashine.

Alinitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyekula nguo za kwenye kamba. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Baba, nilibaki pale uani, nikawa tena na miaka tisa. Nilikumbuka ulivyokuwa ukituita tukiwa tunakula. Gari la mteja lipo juu ya shimo lako la gereji, magurudumu yamekanyaga chini, wewe umo shimoni na spana, na hukazi bolti ya mwisho mpaka wote watakaopanda gari lile wawe wamekaa ndani. Gari likiwa letu, Mama aliingia na mwiko mkononi. Mwalimu mmoja alikuja peke yake, ukamrudisha kwake akalete familia. Akarudi na mke, watoto wanne na mama mkwe, na yule mama alikaa amegeukia dirishani muda wote ili asikutane macho na mkwewe. Ulisema raba za kwenye maungio zinalala pale ulipozikazia. Ukikaza gari likining'inia, likishuka zinajipinda, na kutoka hapo zinagombana na kila shimo, hata ufunge shokapu ya namna gani.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike barua hii. Nilikuwa nakucheka. Nilipokuwa shule niliona aibu tu, lakini dukani nilikucheka kwa sauti. Nilikuwa nawasimulia wateja habari ya baba yangu fundi wa kijijini anayekaza bolti kwa kualika ukoo. Nilikuigiza, Baba, na sauti yako na kikohozi chako. Wakacheka, nikauza. Wewe uliniita muuza maboksi, nikanuna miaka miwili. Nimesimama mbele ya Festo nikimdharau kwa kuchagua rangi, na mimi nilikuwa nimechagua boksi, nikasahau linavyofungwa. Yeye angalau hakukuigiza mbele za watu.

Asubuhi tulisafisha shimo lako. Festo alikuwa ameligeuza banda la kuku, na sitaongeza neno hapo. Tukasogeza gari juu yake, nikavua viatu, nikashuka mwenyewe na khanga ya Mama kichwani. Sikuwa nimewahi kushika spana zaidi ya kuiuza. Nililegeza bolti za raba zote alizozikaza yule fundi wa mjini, na ya mwisho ilipoachia gari likashuka taratibu, likakaa. Vumbi na manyoya ya kuku vikaniingia mdomoni. Nikamwita Festo akae kwenye usukani. Nikamwita Mama.

Alichukua muda. Nilisikia fimbo, kisha mlango wa nyuma, kisha anaguna akikaa. Nikashika bolti. Mama akasema kutoka juu, "Ngoja. Mbele bado."

Kiti cha mbele kushoto, chako, ulichokalia tangu macho yalipokuchosha, ukimgombeza Festo gia kwa gia.

Festo alienda kuleta gunia la Chimala, akaliweka kitini. Mama akasema ulikuwa mzito kuliko hapo. Kisha nikasikia vyuma vinagongana, Festo anahema, na Mama, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, anacheka mpaka anashika mgongo. Zile shokapu za njano. Festo alizipanga zote nne juu ya gunia, akalifunga mkanda.

Nikakaza. Nililia humo shimoni, Baba, na nikakaza hivyohivyo.

Gari sasa linazama na kurudi taratibu. Siku iliyofuata Mama alipanda bila kubembelezwa, na tulipofika Tosamaganga ilibidi tumwamshe. Daktari alimchoma mguu kwa sindano, Mama akautoa haraka. Daktari amesema ganzi itaisha tukiendelea kumleta. Festo ameniapia kumleta kila mwezi, na ameanza kuendesha kama mtu aliyebeba mayai. Bado ni mjinga. Juzi ameniuliza bei ya taa za bluu.

Mimi nimerudi Mwanjelwa. Nakuahidi sitakuigiza tena, isipokuwa kwa mteja anayebeba shokapu yangu kuondoka nayo. Huyo nitamwita arudi, nitakohoa kama wewe, na nitamwambia akakaze gari likiwa chini na watu wake wote wakiwa ndani. Wakicheka, wacheke. Nishawacheka wao vya kutosha.

Pumzika sasa, usihangaike na gari. Mchele wanaula, kwa hiyo kitini mwako unapungua kila wiki, na Mama anajazia mchanga. Shokapu za njano amekataa zitolewe. Festo akipita kwenye shimo la barabarani anazigeukia na kuuliza kama mzee amekaa vizuri.

Mwanao,
muuza maboksi.