Mrusi wa Yide Lu

Swalha weee, mbavu zangu! Mjomba Haidar katoboa siri sasa hivi. Aibu iliyompata Guangzhou mwaka 98!

Unajua alisomea Moscow. Basi yuko Yide Lu, ule mtaa wa maduka ya jumla, ananunua midoli, muuzaji kagoma kushusha bei. Mjomba akamkazia macho bwana mmoja aliyekaa pembeni, akidhani ndiye mwenye duka, akanung'unika kwa Kirusi: "Jizi hili, uso kama sufuria!"

Yule bwana akamjibu. KWA KIRUSI.

"Sufuria ya aina gani?"

Shoga, mjomba alitamani ardhi immeze!

Kumbe ni mteja mwenzake. "Samahani sana," mjomba akasema, "nilidhani wewe Mchina. Kumbe Mrusi!"

Hapo ndo akaharibu kabisa. "Mrusi? Pasi tu ndiyo ya Urusi! Mimi ni Mburyati wa Siberia, kabila jingine kabisa, ndugu wa Wamongolia. Kirusi nilifundishwa shule."

"Hata mimi," mjomba akasema, jasho linamtiririka.

Jamaa akamtazama toka kofia mpaka viatu, akaangua kicheko.

Muuzaji akachanganyikiwa, akauliza kwa Kiingereza cha kubahatisha: nani hapa Mrusi?

Wakanyoosheana vidole!