Doa la Ng'ombe Anayeruka

Jumatatu, 3 Juni
Uji, bila sukari. Kisha nikaimba tena kwenye simu ya Kabula, mara ya sita. Mjukuu wangu huyu anatengeneza katuni ya wimbo wangu. Anaichora kwa mkono, karatasi baada ya karatasi. Wimbo ni wa kijiji chetu kule Geita, kabla shimo la dhahabu halijakimeza. Katika katuni nyumba yangu inaota miguu na kutembea hadi hapa Tinde. Juu yake anaruka ng'ombe wangu Malunde, kabeba paa kwenye pembe. Sijakubali, sijakataa.

Jumatano, 5 Juni
Kosa kubwa. Doa jeupe la Malunde kalichora ubavu wa kushoto. Lilikuwa kulia! Nyumba kutembea ni usanii. Doa kuhama ni uongo.
"Mume wangu, hizo ni picha mia tatu," akalia Kabula, kwa utani wetu wa babu na mjukuu.
Nikamwambia Msukuma anaweza kusahau jina la shemeji yake, si doa la ng'ombe wake. Kanuna. Anachora upya.

Jumamosi, 8 Juni
Kesho wazee tuliohamishwa pamoja wanakuja kutazama. Naogopa. Kwenye ramani kijiji hakipo. Kikichekwa hapa pia, basi kimekwisha.

Jumapili, 9 Juni
Hawakucheka. Nyumba kutembea haikumshangaza yeyote. Mama Doto aliuliza tu kwa nini ya kwake imeachwa. Kisha Masanja, jirani yangu wa zamani, akainua fimbo.
"Huyo ng'ombe wangu!"
"Wako kivipi? Huyo Malunde."
"Malunde doa lake kushoto, mwalimu. Wa kulia ni wangu. Umeniibia mpaka kwenye katuni?"
Wazee wote: kushoto. Kabula akatazama dari. Miaka thelathini nimefundisha historia. Aibu tupu.

Jumatatu, 10 Juni
Sikula. Kama doa limehama, nini kingine kimehama? Mlango ulitazama wapi? Marehemu mke wangu alikaa upande gani wa jiko?
Jioni Masanja kaja bila kuitwa. Kasema, "Usimfute wangu. Alifia njiani siku ile tunahama. Mwache afike."

Alhamisi, 13 Juni
Kabula anachora. Sasa ng'ombe ni wawili, na nyumba ya Mama Doto inachechemea nyuma. Wimbo umeongezeka ubeti mmoja. Masanja anasema sauti yangu mbaya.
Mchana umetulia. Nimemuuliza Kabula doa la Malunde liko wapi. Naliandika hapa, nisije nikamsumbua tena.
Kushoto.