Damu Niliyoigandisha kwa Wivu

Mtwara, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Goti lako limepoa? Huko Kondoa mvua imenyesha, au bado mnatazama mawingu? Mimi mwili mzima; moyoni ndiko kubaya, na nakueleza wewe tu.

Nilikutajia Salma, mwenzangu wa maabara. Mama, namwonea wivu hadi chakula hakishuki. Bosi kila neno ni "muulizeni Salma." Tukienda kuchukua damu vijijini, kule mto Ruvuma unakoingia baharini, yeye hurudi na mihogo na korosho za kupewa, mimi narudi na vumbi. Hata mirija ya damu huizungushia taulo kabla ya kuiweka kwenye boksi la barafu, utadhani anaogesha mtoto, na watu wanamsifu!

Juzijuzi zamu ya kufunga boksi ikawa yangu. Nikasema, leo watanijua. Jirani yangu hapa Mikindani, muuza samaki, alishanifundisha: "Barafu itie chumvi ya mawe, dada, samaki anakuwa jiwe." Nikatia. Taulo nikalitupa nyuma ya gari.

Tulipofika maabara mirija yote ilikuwa imeganda barafu. Ilipoyeyuka, maji ya juu, ambayo huwa ya manjano, yalikuwa mekundu. Damu ikiganda hivyo chembe zake hupasuka, na kipimo cha figo kinadanganya. Nalijua hilo tangu chuoni, Mama! Wivu ulinitia ujinga. Humo ilikuwamo damu ya Bi Somoe, mama aliyevimba miguu, ambaye daktari hawezi kumwandikia dawa bila majibu yale.

Nikakiri kwa bosi, nikatumwa peke yangu kuomba damu upya. Bi Somoe akashusha mkono wa gauni.

"Salma yuko wapi? Yule ndo anayenichoma."

Nikamwambia kosa ni langu, nikambembeleza hadi adhuhuri. Wapi! Na miguu ilikuwa imezidi kuvimba. Ikabidi nimpigie Salma yule yule. Akaja na bodaboda, akatoa sindano.

Bi Somoe akamnyooshea mkono huku anacheka. Mimi akanipa mkoba wake.

"Wewe shika huu, mwanangu."

Nikaushika.

Nisalimie Baba, shangazi muuza maziwa na kaka fundi baiskeli, ila usiwasomee haya. Niombee dua, Mama. Bi Somoe ameshaanza dawa, nami badala ya kufurahi nilikuwa nahesabu mara ngapi alimshukuru Salma.

Mwanao,
Mwajuma